Kuchagua Gia ya Otomatiki kwa Injini Nzito ya Dizeli: Nasaha kwa Wenye Magari wa Ufuko wa Mweru

Mtu anayechuma riziki kwa gari katika Nchelenge na Kashikishi, na katika vijiji vinavyofuatana ufukoni mwa ziwa Mweru kuelekea Chiengi, hulitaka gari lake limtimizie mambo ambayo mhandisi aliyelibuni hakupata kuyaona: kuvuta mashua kutoka majini juu ya mchanga usioshika tairi, kupakia samaki na barafu alfajiri, kisha kushika lami ya Mwansabombwe na Mwense mpaka Mansa, na kutoka Mansa ama kuelekea Samfya, Serenje na Lusaka, ama kuvuka daraja la Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008, na kukata ardhi ya Kongo mpaka Mokambo na miji ya machimbo ya shaba. Kwa kazi ya namna hiyo si ajabu kwamba mwenye Land Cruiser ya petroli, iliyoletwa kuukuu kutoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam na Tunduma, huingiwa na hamu ya kuing'oa injini ile inayokunywa mno na kuweka mahali pake dizeli yenye nguvu. Injini huipata, akitafuta Kitwe au Ndola na kuwa na subira. Linalomshinda ni giaboksi. Na ikiwa gari ni la otomatiki, naye anataka libaki la otomatiki, basi asipochagua kwa hadhari atakuwa amenunua injini ya kumvunjia giaboksi.

Nasaha hizi ni kwa ajili yake. Rai yangu, ambayo nitaieleza kwa sababu zake, ni kwamba giaboksi ya otomatiki haifi kwa ukubwa wa nguvu peke yake, bali hufa kwa joto, na joto lake huzaliwa na kuteleza. Kwa hiyo achague ile iliyozaliwa ubavuni mwa dizeli yenye nguvu kama yake, hata ikiwa ina gia chache na jina lisilovuma, kabla ya ile yenye sifa kubwa iliyofanyiwa petroli.

Wako watakaouliza kwa nini mtu asitie gia ya kawaida yenye klachi ya mguu akaondokana na taabu, na swali lao ni la haki, maana gari nyingi za kazi katika Luapula ni za gia ya kawaida na hudumu. Lakini ajuaye kuvuta mashua juu ya mchanga anajua kwamba pale klachi ya mguu huunguzwa na nusu saa ya kusukuma na kurudi, na kwamba kila klachi inapoachiwa ghafula shafti na difu hupata pigo moja kwa moja. Katika otomatiki, kati ya injini na gia hakuna chuma kinachoshikana na chuma wakati wa kuondoka, ila mafuta, na mafuta huvuta kwa ulaini. Mwenye kazi ya namna hiyo ana haki ya kuitaka otomatiki. Ila sharti aijue tabia yake.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba hesabu ya farasi hudanganya. Injini ya Cummins ya lita 5.9 yenye silinda 6, iliyotiwa katika pikapu za Dodge za Marekani kuanzia mwaka 1989, ilikuwa na farasi 160 tu, na gari dogo la petroli la lita 2 huikaribia kwa hesabu hiyo; lakini gari dogo lile aghalabu halifiki Nyutoni-mita 210 za nguvu ya mzunguko, yaani nguvu ya kusokota shafti, ilhali Cummins ile ilitoa 542. Ni nguvu hii ya mzunguko ndiyo inayozikabili sahani za klachi ndani ya giaboksi, wala si farasi. Basi uifahamu ya injini yako kabla ya kutoa senti: Toyota 1HZ ya lita 4.2, isiyo na tabo, hutoa takriban 285 kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. 1HD-T, ambayo ni ndugu yake mwenye tabo, hutoa 361. Na 1HD-FTE, iliyokuja baadaye katika Land Cruiser za mfululizo wa 100, hufika 430. Na ikiwa fundi wako amekwisha kuifungulia pampu au kuiongezea 1HZ tabo, usiihesabu tena kwa 285, maana giaboksi haisomi kitabu cha kiwandani.

Jambo la pili ni konveta, chombo kile cha mviringo kilichojaa mafuta kinachokaa kati ya injini na gia, ambacho Mjerumani Hermann Föttinger alikipatia hataza mwaka 1905 kwa ajili ya meli, ili mtambo wa mvuke uendao kasi uweze kuzungusha rafadha iendayo polepole. Fadhila ya chombo hiki ni kwamba gari linapokuwa limesimama na injini inavuta, huizidisha nguvu ya mzunguko karibu mara mbili. Basi Cummins yetu ya 542 huupelekea mlango wa giaboksi zaidi ya 1,000 pale gari linapoanza kuinyanyua mashua. Na 1HD-T ya 361 huupelekea zaidi ya 700. Fadhila hii ina gharama: wakati ule ule wa kuzidisha, mafuta yanakorogwa ndani ya konveta, na kiasi kikubwa cha kazi ya injini hugeuka joto badala ya mwendo.

Sasa angalia linalotokea mtu anapoichukua giaboksi ya petroli pamoja na konveta yake na kuifunga nyuma ya dizeli. Konveta ya petroli hufanywa ili ishike kwenye mizunguko 2,000 au 2,500, kwa sababu huko ndiko petroli inakoanza kupata nguvu. Nayo ikiwekwa nyuma ya injini yenye msokoto mkubwa kuliko iliyokusudiwa, huchelewa zaidi kushika. Cummins ile ya mwaka 1989 hufikia upeo wa farasi wake kwenye 2,500. Maana yake ni kwamba injini imekwisha kufika mwisho wa uwezo wake na konveta bado inateleza; dereva anakanyaga mafuta, sauti inapanda, gari linajivuta kwa uvivu, na moshi wa mafuta ya gia unaanza kunuka kabla ya kufika Mwense. Kwa dizeli itakiwe konveta inayoshika chini, baina ya 1,500 na 1,800 hivi, na iwe na klachi ya ndani ya kuifunga, ambayo gari likishapata mwendo huiunganisha injini na gia chuma kwa chuma, bila kuteleza hata kidogo. Mimi giaboksi isiyo na klachi hii siipendekezi kwa mtu anayesafiri na shehena kwenda Mansa na kurudi. Zile za gia tatu zilizofungwa katika Dodge za mwaka 1989 hazikuwa nayo, na Dodge wenyewe walikuja kuiweka katika zilizofuata.

La tatu, ambalo mafundi wengi hulipuuza, ni namna giaboksi inavyojua dereva amekanyaga kiasi gani. Giaboksi isiyojua hilo haiwezi kupandisha presha ya mafuta yake, na presha ikiwa ndogo sahani za klachi hazibanwi sawasawa, huteleza, huungua. Katika petroli habari hiyo hupelekwa kwa mvuto wa hewa wa injini, au kwa kebo iliyoungwa kwenye kabureta, au kwa sensa ya umeme. Dizeli haina mvuto huo. Giaboksi inayoutegemea itahitaji pampu ya mvuto na vali maalumu kwenye pampu ya dizeli. Na yenye kebo itahitaji kebo hiyo iungwe kwenye mkono wa pampu ya dizeli kwa hesabu, hata mkono ukifika mwisho wa safari yake kebo nayo iwe imevutika mpaka mwisho, wala isilegee wala isitangulie. Nimeona gari nzuri zikiharibiwa na kebo hiyo peke yake, iliyofungwa kwa makisio na kusahauliwa. Kadhalika mahali pa kubadili gia: dereva akikanyaga mpaka mwisho, giaboksi ya petroli hungoja mizunguko 4,000 na zaidi kabla ya kupanda gia, ambapo dizeli nyingi nzito hazifiki huko hata zikisukumwa, kwa hiyo lazima gavana yake, yaani kifaa kinachopima mwendo ili gia ibadilike, ibadilishwe kama ni ya mafuta matupu, au kompyuta yake ipangwe upya kama ni ya umeme.

Ukiyaweka haya matatu pamoja utaona kwa nini nasema ichaguliwe iliyozaliwa na dizeli: iliyozaliwa na petroli hukudai konveta nyingine, gavana nyingine na kebo nyingine, na kila moja ya hizo ni mlango wa kosa.

Kwa mwenye Land Cruiser jibu lililo karibu ndilo bora. Toyota ilipoifunga 1HD-T katika mfululizo wa 80, mwaka 1990, iliiandama na giaboksi ya gia nne iitwayo A442F; na kabla ya hapo, katika mfululizo wa 60, injini ya tabo ya 12H-T ilipewa A440F, ambayo haina kompyuta hata moja, bali huendeshwa na mafuta na vali zake tu. Kwa 1HZ yenye pampu ya kawaida, ya mtu anayekaa Nchelenge na ambaye fundi wa umeme wa magari yuko mbali naye kwa siku ya safari, mimi ningeichagua A440F bila kusita, pamoja na konveta ya dizeli, kwa sababu inatengenezeka kwa mikono na kwa macho. Kwa 1HD-T ningeichagua A442F, ila kwa sharti moja, kwamba injini, giaboksi, kompyuta, sensa na waya zake vyote vitoke katika gari moja, likiwa limekatwa nusu ya mbele na kuuzwa hivyo. Maana anayenunua giaboksi hapa na kompyuta pale hununua miezi ya kutafuta waya. Na ujihadhari na A343F iliyofungwa nyuma ya petroli ya 1FZ-FE katika magari ya mwisho ya mfululizo ule ule wa 80: kwa nje wauzaji huziita zote za "Land Cruiser 80", lakini ile ni nyepesi. Fungua boneti ya gari inakotoka, utafute bamba dogo la chuma lililopigiliwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, usome mstari uliochapwa TRANS/AXLE. Huo hausemi uongo, na muuzaji asiyeweza kukuonyesha bamba mwache.

Zipo kubwa kuliko hizo. A750F ya gia tano iliingia katika mfululizo wa 100 mwaka 2002, na AB60F ya gia sita hubeba dizeli ya V8 ya mfululizo wa 200 yenye Nyutoni-mita 650. Nguvu zinazo, ila bila kompyuta iliyopangwa sawasawa ni vyuma vya kukalia. Za Mercedes za gia tano, zilizotoka kuanzia mwaka 1996, zina fadhila ya kusema kweli katika jina lao: W5A330 ni ya Nyutoni-mita 330 na W5A580 ni ya 580, nazo kwa sura hufanana, kwa hiyo mtu huweza kuuziwa ndogo kwa bei ya kubwa. Wajerumani wa ZF nao hufuata desturi hiyo, ambapo 8HP45, 8HP70 na 8HP90 za kwanza zilikadiriwa kwa takriban 450, 700 na 900. Kwa mtu wa Lusaka aliye na fundi wa kompyuta jirani yake hizi ni za kufikiriwa. Kwa ufuko wa Mweru, la.

Anayetaka Cummins ya silinda 6 akumbuke kwanza kwamba injini ile ina uzito wa takriban kilo 500, na kwamba springi na ekseli ya mbele zitataka kuimarishwa kabla hajafika kwenye gia. Akishalipia hilo, giaboksi inayomfaa ni 47RH, iliyotumiwa na Dodge kuanzia mwaka 1994: ina gia nne, ina klachi ya kufunga konveta, na kwa kuwa vali zake ni za mafuta, gia ya nne na klachi ile zinaweza kuamrishwa kwa swichi mbili za dashibodi. Allison 1000, iliyotolewa mwaka 2001 pamoja na dizeli ya Duramax, ina nguvu zaidi, lakini haiendi bila kompyuta. Na aangalie jambo ambalo limewakwamisha wengi baada ya kulipa: katika Dodge shafti ya kwenda mbele hutokea upande wa kushoto, ilhali difu ya mbele ya Land Cruiser iko upande wa kulia, kwa hiyo transifa ya Kimarekani haimfai, na itabidi aungiwe transifa ya Toyota kwa kipande cha kuchongwa.

Kipande cha kuchongwa ndiyo habari nyingine ya kuangaliwa kwa macho makali. Injini na giaboksi zisizo za ukoo mmoja huunganishwa kwa bamba la chuma, na bamba hilo likikosea katikati kwa zaidi ya sehemu mbili au tatu za kumi za milimita, pampu ya giaboksi italiwa na sili yake itavuja, hata kama gari linakwenda. Mwambie fundi apime kwa geji ya saa, asipime kwa jicho. Kisha usimame wewe mwenyewe wakati konveta inapoingizwa. Huingizwa kwa kuzungushwa taratibu huku ikisukumwa, nayo hushuka mara tatu, kila mara kwa mlio mdogo: mara ya kwanza inaposhika meno ya shafti, ya pili meno ya katikati, ya tatu masikio ya pampu. Kosa kubwa ni kuridhika na ya pili. Dalili ya kuwa imefika ni kwamba giaboksi ikishafungwa kwenye injini, kabla ya bolti za konveta kutiwa, konveta huzunguka kwa mkono na kubaki na nafasi ya milimita 3 hadi 5 mbele yake. Ikiwa haizunguki, na fundi anataka kuivuta kwa bolti, mzuie, maana hapo anaisaga pampu.

Ama kuhusu joto, usimsikilize anayekwambia kwamba kipoza mafuta kilichomo ndani ya rejeta kinatosha. Oktoba ufukoni kuna jua kali, na gari linalovuta mashua halina upepo wa kulipoza. Weka kipoza cha pekee mbele ya rejeta, kikubwa kuliko unachodhani, pamoja na geji ya joto la mafuta ya gia kwenye dashibodi. Mafuta yakikaa baina ya nyuzi 80 na 95 giaboksi itaishi. Yakipita 120 yanaanza kuungua, na kila nyuzi 10 za ziada hukata umri wake takriban kwa nusu. Na ikiwa giaboksi ya zamani iliungua, usirudishe kipoza chake wala mipira yake, kwa sababu takataka zake hazioshwi zikaisha. Mafuta yawe ya daraja lililoagizwa: hizo za gia nne za Toyota hutaka ya Dexron, na za baadaye hutaka ya kwao, wala usichanganye kwa kuwa rangi zinafanana.

Wakati unaofaa kazi hii ni ule wa kufungwa uvuvi, kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, ambapo safari za samaki zimepungua na fundi ana wasaa. Afanyaye mwezi wa Agosti humlazimisha fundi kumaliza kabla mambo hayajakamilika.

Gari likiwa tayari, kwanza lipimwe likiwa limesimama. Mafuta yakishapata moto, tia gia ya kuendea, shika breki ya mguu na ya mkono, ziba matairi kwa mawe, kanyaga mafuta mpaka mwisho kwa sekunde zisizozidi 5, usome mizunguko ilipoishia. Ikiishia karibu na ile konveta iliyofanyiwa, vema. Ikipita kwa mia kadhaa, kuna sahani zinazoteleza au presha ni ndogo, basi rudi kwenye kebo kabla ya kitu kingine. Kisha lipakie nusu ya shehena ulipeleke Mbereshi, upande nalo mwinamo wa kwenda Kawambwa, kutoka bonde la Luapula mpaka uwanda wa juu, jicho likiwa kwenye geji. Mlima huo utakwambia katika saa moja lile ambalo tambarare ya Kashikishi ingekuficha kwa mwezi. Ukirudi pima mafuta kwa kijiti injini ikiwa inanguruma: za Toyota hupimwa gia ikiwa kwenye P, lakini 47RH hupimwa kwenye N, kwa kuwa kwenye P pampu yake haiyapeleki mafuta kwenye konveta, na asiyejua hilo hupata kipimo kisicho cha kweli.

Baada ya kilomita 1,000 shusha sampu, ubadilishe mafuta na chujio, uikague sumaku iliyo chini. Utandu laini wa kijivu, mfano wa wanja, ni wa kawaida, ni wa sahani mpya zinazozoeana. Ufutwe, sampu irudishwe. Vipande vyeusi vinavyochubuka kidoleni ni sahani zinazoungua, na sababu yake itafutwe katika kebo, konveta na kipoza, kwa mfuatano huo. Chembe za rangi ya shaba au vipande vya chuma vinavyokwaruza ukucha ni bushi na pampu, na hapo gari lisipakiwe tena samaki hata kama linakwenda vizuri: giaboksi ishushwe siku hiyo hiyo, na bamba la kuunganishia lipimwe upya kwa geji ya saa.